Safu Nne za Lupe

Jumanne, 14 Oktoba

Daftari hili mjukuu wangu Fusi alilinunua aandikie oda. Akaandika kurasa mbili, halafu kila kitu akakihamishia kwenye simu, na daftari akalifanya kabari ya kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Mimi sikulelewa kuona karatasi safi ikizuia mlango. Nimezichana zile kurasa zake mbili na leo naanza. Shule niliishia darasa la nne, na mwalimu alisema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga matope. Haya, kuku amerudi.

Nyumba yangu imekuwa ghala. Chini ya godoro langu mikeka, chini ya godoro la Fusi mikeka, juu ya kabati nguo za magome, jikoni maboksi. Mjukuu wangu anawauzia Watonga wa visiwa hivi vyetu vya Pasifiki walioko ng'ambo, Auckland, Sydney, mpaka Amerika, kwenye soko la mtandaoni. Wenye soko walimwambia wana maghala yao huko, apeleke mali kwa jumla, wao wataihifadhi, wataifunga na kuituma. Nikamwuliza, "Nani ataigeuza mikeka yangu? Nani ataianika jua likitoka?" Basi tunahifadhi wenyewe, tunafunga wenyewe, tunapeleka wenyewe bandarini Pangai. Mkeka ukitaka unyooke, ulalie. Hakuna ghala la Sydney lenye bibi wa kulalia mikeka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua. Hakuna oda.

Jumapili, 19 Oktoba

Simu ya Fusi imelia mara mbili ndani ya kopo la biskuti, ambamo huwa naifungia siku ya Bwana.

"Bibi, ni oda. Soko linahesabu saa. Tukichelewa kujibu wanatupunguzia nyota."

"Nyota aliziumba Mungu siku ya nne. Siku ya saba akapumzika. Hao wa soko wao wameziumba lini?"

Tukaenda kanisani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Wifi yangu Vaisioa amekuja. Nimeandika "amekuja" kwa adabu tu. Vaisioa haji, huvamia. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu Uesile, na shangazi akiingia nyumba ya kaka yake akasema "hiki nakitaka," nani ana ulimi wa kumwambia hapana? Uesile tulimzika. Haki ya dada yake haikuzikwa naye.

Leo amechukua mikeka miwili ya kujifunga kiunoni, ambayo Fusi alikuwa ameshaibandika lebo.

"Bibi Vaisioa, hiyo ina mwenyewe," Fusi akasema kwa sauti ya kuku. "Yuko Auckland. Ameshalipa."

"Na mimi niko hapa. Nani yuko karibu?"

"Lakini lebo..."

"Lebo hubanduka, mjukuu wangu. Ukoo haubanduki."

Akajifunga mmoja palepale, lebo ikining'inia matakoni, akatoka anatembea kama amealikwa ikulu. Mimi nikakaa chini kusuka mingine miwili. Uesile, huko uliko, dada yako nimemchoka.

Jumanne, 28 Oktoba

Tumechemsha majani ya mkadi ya kusukia mikeka, tukayabandua ngozi, tukayafunga mafungu na kuyazamisha baharini chini ya mawe yapate kuwa meupe. Maji yalikuwa kiunoni. Fusi analalamika mgongo. Ana miaka kumi na tisa, mgongo ameupata wapi?

Tuliporudi simu ikalia. Alikuwa Lupe. Nikachukua ndoo nikaenda kulisha nguruwe.

Lupe ni binti yangu, ndiye mama yake Fusi. Aliondoka kwenda kuchuma zabibu Mildura, Australia. "Msimu mmoja tu, Mama." Fusi alikuwa darasa la pili. Msimu ukaisha, wenzake wakashuka melini, yeye hakushuka. Karatasi zake zikaisha muda, akabaki kwa kujificha, na aliye huko hivyo akitoka tu, mlango unafungwa nyuma yake. Nilimwambia kwenye simu, "Usinipigie tena mpaka uwe kwenye meli." Nilisema kweli na sijutii. Naye ni mwanangu, kichwa ni kilekile: hajanipigia mpaka leo. Humpigia mwanawe.

Banda la nguruwe liko chini ya dirisha la jikoni. Mtu akisimama upande wa kulia husikia vizuri. Watu kanisani husifu nguruwe wangu walivyonona. Wanakula kila Lupe akipiga simu.

Jumatatu, 3 Novemba

Fusi amenijia uani nikiwa nachana majani, simu mkononi.

"Bibi, kuna oda."

"Basi funga. Unaniuliza mimi?"

"Soma jina kwanza."

"Miwani yangu..."

"Umeivaa kichwani."

Nikaishusha. Jina lilikuwa Lupe. Chini yake mtaa, namba ya nyumba, Mildura. Mkeka mmoja wa kukalia, ule wenye pindo la sufi nyekundu, ambao picha yake Fusi aliipiga mwezi wa nane. Pale mteja anapoweza kumwandikia muuzaji neno, ameandika: "Ni kwa harusi, 17 Januari. Naomba uwahi."

Nikakaa juu ya kinu.

"Harusi ya nani?"

Fusi akatazama miguu yake. Kumbe alijua. Ni mwanamume wa kwetu, aliyezaliwa kisiwa cha Vava'u, dereva wa lori la zabibu, mjane, ana karatasi halali. Lupe alimkataza Fusi asiniambie. Alisema, "Bibi yako ataona mwenyewe."

Ndiyo, nimeona! Nimeona mtoto ananunua mkeka wa harusi yake dukani, na duka lenyewe ni kitanda cha mama yake. Amelipa kama mgeni, na gharama ya kusafirisha juu! Nilitukana mpaka kuku wakahama uani. Fusi akanisubiri nimalize. Ana subira hiyo tangu utotoni.

Halafu nikafikiri. Angeweza kununua Auckland. Angeweza kuazima kwa shemeji zake huko. Bibi harusi akikalia mkeka usiotoka kwao, watu husema ametupwa ufukweni na mawimbi. Lupe hakutaka kusemwa hivyo. Wala kuniomba hakutaka. Basi akapita mlango pekee uliobaki wazi, akabonyeza.

Mimi siwezi kwenda. Mwaka juzi niliomba viza, wakanikatalia. Waliandika wanahofia sitarudi, kwa kuwa yupo mtu wa familia yangu ambaye hakurudi.

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimeinua godoro nikautoa mkeka mweupe, ule wa chini kabisa. Haumo dukani. Fusi hajawahi kuupiga picha, angethubutu!

Ni mwembamba kama shuka, ukiukunja unaingia kwapani. Niliuanza Lupe akiwa msichana wa miaka kumi na tano, ameketi ubavuni kwangu. Nikampa kona moja asuke. Akasuka safu nne, zote zimelegea, chane moja nene, nyingine nyembamba, huku anaimba. Nikamwambia fumua. Akasema kesho. Kesho ya Lupe! Baadaye akaolewa, akaachika, akarudi na Fusi mgongoni, safu bado zipo. Akaenda Mildura, safu bado zipo. Mkeka niliumaliza peke yangu. Kila mwaka nikiuanika nasema mwaka huu nafumua. Lakini vidole vyangu vina kazi nyingi.

Nimemwambia Fusi, "Tutatuma huu."

"Bibi, ameagiza wenye sufi nyekundu. Ukituma kisichofanana na picha, soko linahesabu ni kosa."

"Soko halijawahi kuolewa. Lete nailoni."

Ijumaa, 7 Novemba

Haya, nitaandika.

Tulikuwa tumeutandaza mkeka mweupe mezani, Fusi ameshika mizani ya kupimia vifurushi, mimi nakunja. Vaisioa akaingia. Hakubisha hodi, amebisha lini? Akausimamia ule mkeka. Akapapasa kona yenye zile safu nne. Halafu akasema:

"Huu nauchukua."

"Wifi, chukua mwingine. Chukua yote. Chukua kitanda."

"Kitanda sikitaki. Nautaka huu."

"Ni wa Lupe!"

"Najua ni wa nani. Na shangazi yake ni nani?"

Nikamwita mwizi. Mbele ya Fusi, na dirisha liko wazi, na mke wa mchungaji anapita njiani. Vaisioa hakupandisha sauti. Akaukunja taratibu, vizuri kuliko nilivyokuwa naukunja mimi, hilo namkubalia. Akasema, "Wifi, huo mdomo wako siku moja utakufungia njia." Akatoka.

Ningeweza kuung'ang'ania. Mikono ninayo. Lakini mke kumnyang'anya dada wa mumewe kitu ndani ya nyumba ya mumewe, hata mfu angeamka kunizuia. Nikakaa. Meza ikawa tupu, kubwa kama uwanja.

Fusi akasema, "Bibi, tutume wenye sufi. Ndio alioagiza."

Jumamosi, 8 Novemba

Tumefunga mkeka wenye sufi nyekundu. Mkeka mzuri, sina la kusema juu yake. Haumjui Lupe, basi.

Fusi ananisomea masharti kila tukifunga cha Australia: hakuna udongo, hakuna majani, hakuna mbegu, wakaguzi wa huko wanafungua. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Alipoingia ndani kutafuta tepu ya gundi nikakitoa kishada cha langakali, maua yetu ya kunukia, kilichokuwa chini ya kanga yangu, nikakisukuma katikati ya mikunjo. Mama yangu hakutoa mkeka nyumbani bila ua. Wala mama yake. Mkeka usio na harufu ni ubao.

Nilikiweka pale shavu litakapogusa.

Jumanne, 11 Novemba

Meli imekuja. Maka, anayepokea mizigo bandarini, akataka kukitupia kifurushi juu ya magunia ya viazi vikuu.

"Kiweke," nikamwambia. "Usikitupe. Na usikikalie, nakujua."

"Mama Kalolaine, kuna nini humu, yai?"

"Kuna harusi."

Ijumaa, 14 Novemba

Kifurushi kiko Nuku'alofa, mji mkuu. Fusi anakiona kwenye simu.

Jumatatu, 17 Novemba

Kiko Nuku'alofa. Kinafanya nini huko, kinasoma chuo?

Ijumaa, 21 Novemba

Kimepanda ndege.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Nimesuka. Wa Auckland ameandika kwamba mikeka ya kiunoni imemfaa, ametoa nyota tano. Hajui nani anatembea na ya kwanza.

Jumanne, 25 Novemba

Kiko Australia. Mkeka umevuka bahari ambayo mimi nimekataliwa kuivuka. Nimemwuliza Fusi kutoka uwanja wa ndege mpaka Mildura ni mbali kiasi gani. Akanionyesha kwenye simu mstari wa buluu. Nikautazama sana ule mstari. Nimeona barabara, mto, na mraba mdogo wa kijivu ambao Fusi anasema ndio paa la nyumba anayokaa mama yake. Ana paa zuri. Halina kutu.

Ijumaa, 28 Novemba

Kiko kwa wakaguzi.

Jumatatu, 1 Desemba

Kiko kwa wakaguzi. Jasho linatoka hata nikikaa. Upepo umegeuka kaskazini.

Jumanne, 2 Desemba

Dhoruba. Ilianza alfajiri, na ilipofika saa nne asubuhi bati la upande wa Fusi lilikuwa linapiga makofi. Maji yakaingia juu ya kitanda chake. Tukabeba mali yote, mikeka, magome, maboksi, tukairundika mezani na juu ya kitanda changu, sisi tukabaki tumesimama kama watumishi. Oda tano zilikuwa zimeshafungwa. Fusi akazikumbatia.

Mlango ukafunguka, akaingia Vaisioa, turubai kichwani, ameloa mpaka mfupani. Hakusalimu, mimi pia sikumsalimu. Akapanda juu ya kiti, mwanamke wa miaka sabini na sita! Akapitisha kamba kwenye boriti, akalifunga turubai juu ya mali kama hema. Fundo lake la kamba sijaona la kulishinda. Tukakaa watatu chini ya turubai mpaka alasiri tukila muhogo baridi, wala hatukuzungumza zaidi ya "sogea" na "nipe chumvi."

Alipoondoka nikakagua. Hakuchukua kitu. Hata kimoja. Jambo hilo limenikera kuliko angechukua.

Jumapili, 7 Desemba

Mahubiri marefu. Sikusikia.

Jumanne, 9 Desemba

Kimechomwa.

Fusi alisoma kwenye simu akakaa sakafuni. Wakaguzi walikuta ndani ya mkeka maua, na ndani ya maua sisimizi hai. Wakakichoma chote. Sheria yao. Na soko limeweka alama nyekundu kwenye duka letu.

"Bibi, uliweka maua?"

"Niliweka."

"Nilikwambia!"

"Uliniambia udongo, majani na mbegu. Ua si jani."

"Bibi!" Sijawahi kumsikia akipaza sauti hivyo. "Ni harusi ya mama yangu! Kila akipiga simu unatoka, unasimama pale kwa nguruwe, unadhani hatukuoni? Wewe unamkosa mtoto. Na mimi je, namkosa nani? Humu ndani mwenye msiba ni wewe peke yako, sisi wengine tushike mizani tu!"

Akaenda kwao rafiki yake. Mimi nikabaki na mikeka.

Nimeandika hayo kama alivyosema. Sikupunguza.

Jumatano, 10 Desemba

Fusi hajarudi. Nimelisha nguruwe bila simu kulia. Walinishangaa.

Alhamisi, 11 Desemba

Amerudi. Ameleta tikiti maji. Nimelikata, tumelila. Maka anasema meli za kabla ya Krismasi zimejaa watu na nguruwe, vifurushi vitakaa Pangai mpaka Januari. Tukituma kingine leo, hakifiki kabla ya harusi. Fusi akasema polepole, "Bibi Vaisioa anakwenda kwa mwanawe huko Australia Januari. Tiketi anayo."

Nikamwambia heri niutie mkeka kwenye chupa niutupe baharini.

Akasema, "Haya."

Jumamosi, 13 Desemba

Nimekwenda kwa Vaisioa. Kwa miguu yangu, mchana kweupe, kijiji kizima kikitazama. Yeye ndiye huja kwangu. Mimi kwake huwa siendi ila kukiwa na maiti.

Alikuwa anakuna nazi mlangoni. Akaniacha nisimame.

"Umefuata cha mwizi?"

"Nimekuja kuomba."

"Sema tena. Sikio hili bovu."

"Bovu gani, na mali za watu za kuchukua unazisikia zilipo!"

Akacheka, meno yote mawili nje. Akanisogezea kigoda kwa mguu.

"Kalolaine, unadhani habari ya harusi niliipata kwako? Mwanangu Hola anafanya kazi na huyo bwana harusi. Alinipigia mwanzo wa Oktoba. Nikangoja uje uniambie, mimi shangazi wa bibi harusi. Hukuja. Nikaja mwenyewe, nikawakuta mmeshika mizani. Mizani, wifi! Mkeka wa binti wa kaka yangu unapimwa kama kilo ya vitunguu, unatiwa nailoni, anapewa Maka aukalie! Mkeka wa bibi harusi unabebwa na nani?"

Unabebwa na shangazi yake. Mtoto mdogo anajua.

"Mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi? Nilisema shangazi yake ni nani, ukaniita mwizi. Mwizi huwa haelezi."

Akaniingiza ndani, akainua godoro lake. Mkeka mweupe ulikuwa pale, umenyooka kuliko nilivyowahi kuunyoosha mimi. Analala upande mmoja asiukunje.

"Nilitaka kuzifumua zile safu nne mbovu," akasema. "Zinatia aibu."

"Ziguse nikukate vidole."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sijazigusa."

Tukala nazi. Ana upweke mwingi nyumba ile, sikuwahi kuona. Watoto sita, picha sita ukutani, na kiti kimoja mezani. Kila anachochukua kwangu kimo mle, hakuna alichouza. Mikeka ya kiunoni ya Auckland imening'inizwa nyuma ya mlango. Nimejiuliza kama ni mikeka anayoifuata, au ni pa kuingia bila kubisha hodi.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nimechinja nguruwe mmoja. Vaisioa amekula kichwa, ni haki yake.

Jumamosi, 3 Januari

Tumeuanika mkeka mweupe siku tatu, tukaupiga, tukaukung'uta. Fusi ameupitia kwa tochi, chane kwa chane, kisha akanikagua na mimi mifukoni. Hakuna ua. Unanuka jua tu.

Jumanne, 6 Januari

Vaisioa ameondoka kwa kile kindege cha Pangai, kidogo kama ungo. Mkeka mweupe hakuutia mkobani. Ameuvaa kiunoni.

"Nitawaambia wakaguzi ninao, wautazame," alisema. "Wakitaka kuuchoma, wanichome nao."

Nilitaka kumpa neno ampelekee Lupe. Nilikuwa nimelitengeneza tangu alfajiri. Nikamwambia, "Mwambie asinenepe." Vaisioa akanitazama, akasema, "Nitamwambia yote uliyoyasema," na sikusema mengine.

Jumamosi, 17 Januari

Leo ndiyo siku. Mtandao umekatika tangu jana kwa mvua. Nimevaa nguo yangu ya kanisani na mkeka wa kiunoni wa harusi yangu mwenyewe. Nimepika nyama kwa majani na tui, tanuri la chini, sufuria kubwa, kana kwamba wageni wanakuja. Fusi hakuuliza. Amejipaka mafuta, amevaa ua sikioni. Tukala wawili. Chakula cha watu ishirini.

Alasiri mvua ikapungua. Nilikaa mlangoni nikatazama kusini magharibi. Hakuna kitu upande huo, ni miti ya mkadi na maji. Huko saa hizi alikuwa anaketi. Nani amemfunga nywele? Akiwa mdogo alikuwa halii nikimchana, anauma midomo. Nani amejua kwamba upande wa kushoto ana kinywele kisichokubali kulala, lazima kilowanishwe kwanza?

Jumapili, 18 Januari

Mtandao umerudi kabla ya ibada ya asubuhi. Simu imelia ndani ya kopo la biskuti, imelia, imelia. Fusi ananitazama. Nikasema, "Kesho." Nimekwenda kanisani mara tatu. Kati ya ibada moja na nyingine nilikaa nyumbani na kopo mapajani. Sikulifungua. Nilipakata tu.

Jumatatu, 19 Januari

Picha! Lupe amekaa juu ya mkeka mweupe. Amenenepa. Amenenepa vizuri, mashavu ya mama yangu. Kinywele kimesimama. Kumbe hawakukilowanisha!

Kisha Vaisioa akapiga mwenyewe, anapayuka kama simu ni bomba.

"Wifi! Sikiliza! Baada ya kula, watu wa bwana harusi wakakusanya mikeka yao waliyopewa. Na mweupe wakauweka kwenye fungu lao!"

"Ndiyo desturi," nikasema. Nilijua tangu mwanzo kwamba ukienda hautabaki kwa Lupe. Nilikuwa nimejikaza kwa hilo.

"Desturi, na mimi je? Shangazi nipo! Nikasimama, nikasema, huo nauchukua. Shemeji zake wakatazamana. Nani atasema hapana? Nikaubeba mpaka chumbani kwa Lupe, nikauweka chini ya godoro lake. Nikamwambia, ulalie. Mama yako ameulalia kwa ajili yako."

"Sijakutuma useme hivyo."

"Hujanituma. Nimechukua."

Wizi wa Vaisioa. Mungu auzidishe.

Jumatatu, 2 Februari

Jua kali. Majani ya mkadi tuliyoyarudisha baharini baada ya dhoruba yametoka meupe kabisa. Nguruwe niliwalisha mapema kabla hatujashuka majini.

Tulipopanda mpaka uani Fusi akafungua simu, akapiga kelele. Lupe ameifunga oda yake, ameandika kwamba amepokea, na ametupa nyota tatu.

"Tatu!" Fusi karibu alie. "Mama yangu mwenyewe! Na tuna alama nyekundu!"

"Ameandika nini?"

Akasoma: "Mkeka umefika. Sio niliouagiza. Kwenye kona una safu nne zimelegea, kazi ya mtoto mvivu. Muuzaji ameziona miaka yote na hakuzifumua."

Nilicheka mpaka nikaketi mchangani. Fusi alidhani nimepatwa na jua. Ni kichwa kilekile! Ni mdomo uleule!

"Muuzaji anaruhusiwa kujibu?" nikauliza.

"Anaruhusiwa. Wateja wote wanaona."

"Na waone. Andika: Safu hizo si kazi ya duka. Aliyezisuka aje azifumue mwenyewe."

Fusi akaandika. "Niongeze nini? Salamu?"

"Hakuna. Tuma."

Akatuma. Tukaanza kuyatandaza majani juani, fungu kwa fungu. Hatujafika nusu, simu ikalia. Fusi akaitazama, akaipokea, akasikiliza, kisha akaninyooshea.

"Bibi, hanitaki mimi. Anakutaka wewe."

Nikatafuta ndoo kwa macho. Ilikuwa tupu, imepinduliwa ukutani. Nguruwe walikuwa wameshakula.

Nikaifuta mikono.